Uwanja Mdogo wa Ndege Hufungwa Ploti kwa Ploti
Mambo ambayo mkazi na mnunuzi wa ardhi anapaswa kujua

Mkazi wa Kanja akitaka kwenda Nairobi hupanda matatu hadi Runyenjes au Embu mjini, kisha akaendelea na safari yake kwa barabara. Uwanja wa ndege haumo katika hesabu zake. Ndiyo maana akisikia kwamba uwanja mdogo wa ndege mahali fulani uko hatarini kufungwa, huuliza: mimi unanihusu nini? Swali hilo ni la haki. Makala haya yanaeleza kazi ya uwanja mdogo, jinsi unavyokufa, ni nani mwenye mamlaka juu yake, na mambo ya kuangalia kabla hujanunua ploti iliyo karibu nao.

Tuanze na yale ambayo uwanja mdogo hautatufanyia. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kama kilomita 130 za lami, na si rahisi kampuni ya ndege kushindana na matatu kwa umbali huo. Chai ya Mungania na Rukuriri huenda mnada wa Mombasa kwa lori. Kahawa nayo hufika Nairobi kwa lori. Anayewaambia wakulima kwamba uwanja wa ndege utapandisha bei ya majani chai anawapigia siasa.

Kazi ya uwanja mdogo ni ya siku mbaya. Ni siku ambayo mgonjwa aliyeumia vibaya hawezi kuhimili safari ya gari, au daraja limechukuliwa na maji, au msitu wa Mlima Kenya unawaka kama ulivyowaka mwaka 2012. Huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, inayojulikana leo kama AMREF Flying Doctors, ilianzishwa mwaka 1957 kwa sababu hiyo hasa: daktari wa upasuaji alikuwa Nairobi, mgonjwa alikuwa mbali, na kati yao hapakuwa na barabara ya kutegemewa. Ndege zinazotumika kwa kazi hii, kama Cessna Caravan na Pilatus PC-12, zimeundwa kuweza kutua kwenye viwanja vifupi vya changarawe. Lakini lazima kiwanja kiwepo, kiwe wazi, na rubani awe na hakika kwamba hakuna ng'ombe katikati.

Mfano wa karibu zaidi ni wa nzige. Nzige wa jangwani waliingia nchini kupitia kaskazini mashariki mwishoni mwa Desemba 2019, na kufikia Januari 2020 makundi yao yalikuwa Isiolo na Meru. Ndege ndogo ya kunyunyizia dawa hubeba mzigo mdogo na mafuta machache. Ikilazimika kurudi Nairobi kila mara kujaza dawa, asubuhi yote itaishia njiani na nzige watakuwa wameshakula na kuondoka. Kwa kazi kama hiyo, kiwanja kilicho karibu na mashamba ni kifaa cha kilimo sawa na ghala la mbolea.

Watu wengi huuliza kwa nini tusitumie helikopta, kwa kuwa inaweza kutua hata kwenye uwanja wa shule. Ni kweli inaweza, na mara nyingine ndiyo inayofaa. Lakini saa moja ya helikopta hugharimu zaidi ya saa moja ya ndege ndogo ya kawaida. Helikopta pia huenda polepole zaidi na haifiki mbali kwa mafuta yaleyale. Kaunti ndiyo yenye jukumu la magari ya wagonjwa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo tofauti hiyo ya gharama inatuhusu sisi tunaolipa.

Mkulima wa Meru na uwanja wa Wilson

Uwanja mdogo unaotishiwa zaidi nchini, na ambao wakulima wa upande wetu wa mlima wanautegemea bila kuufikiria sana, uko Nairobi. Ni uwanja wa Wilson. Ulitokana na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bi. Florence Kerr Wilson, na ukapewa jina lake mwaka 1962. Wakati huo mji ulikuwa mbali. Leo Lang'ata na South C zimeuzunguka, na kwa miaka mingi marubani na wasimamizi wa usafiri wa anga wamekuwa wakilalamika kuhusu majengo marefu yanayochomoza kwenye njia za ndege. Kila baada ya muda husikika pia sauti zinazosema kwamba ardhi ile ni ghali mno kuachiwa ndege ndogo, na kwamba uwanja uhamishwe.

Mkulima wa miraa wa Maua anajua maana yake. Miraa huchunwa alfajiri, hufungwa kwa majani ya migomba, na gari hushuka nalo mbio hadi Nairobi kwa sababu baada ya siku mbili hivi haina nguvu tena. Mzigo wa Somalia hupitia Wilson. Soko hilo likifungwa, Nyambene yote hujua. Ndivyo ilivyokuwa kwa siku chache Septemba 2016, na tena kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Safari hizo kizuizi kilikuwa siasa kati ya nchi mbili, na siasa zilipotulia ndege ziliruka tena. Kizuizi kikiwa ni nyumba ya ghorofa kumi mbele ya njia ya kurukia, hakuna mazungumzo ya mawaziri yatakayoiondoa kwa haraka.

Uwanja hufa vipi

Huko Chicago, Marekani, kulikuwa na uwanja mdogo ufuoni mwa ziwa ulioitwa Meigs Field. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003 meya wa jiji hilo, Richard M. Daley, alituma matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Asubuhi ndege zilizokuwa zimeegeshwa pale zilikuwa zimenaswa. Serikali ya kitaifa ililitoza jiji faini ya dola 33,000, na jiji likalazimika pia kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege zilizotumika kwenye ubomoaji. Uwanja haukurudi. Sasa ni bustani.

Hapa kwetu tingatinga la usiku halihitajiki. Uwanja mdogo hufa polepole, na mara nyingi wanaouua hawajui wanachofanya. Kwanza ua huanguka au huibwa. Njia ya miguu hukata katikati kwa kuwa ndiyo njia ya mkato kwenda sokoni. Mtu hulima mahindi pembeni, msimu mmoja tu. Mwaka unaofuata bikoni ya pembeni haionekani. Kisha huja barua ya kugawiwa ardhi yenye muhuri, ramani ndogo, na ploti kumi zinazouzwa kwa bei nafuu. Rubani anayepita juu huona watu na ng'ombe, anageuza, na baada ya muda haji tena. Hapo ndipo husemwa kwamba uwanja hauna kazi, na kwa kuwa hauna kazi ugawanywe. Kampala wana mahali panapoitwa Kololo Airstrip. Ndipo bendera ya Uganda ilipopandishwa Oktoba 1962, na hadi leo sherehe za taifa hufanyika pale. Jina la uwanja wa ndege limebaki, lakini hakuna anayekwenda pale kupanda ndege ya abiria.

Kuna hesabu moja ambayo kila mtu anayeishi karibu na uwanja wa ndege katika nyanda za juu anapaswa kuifahamu. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Injini hupata nguvu kidogo, bawa hushika kidogo, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Kanuni inayotumiwa na wapangaji wa viwanja duniani ni kuongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila digrii ya joto iliyozidi kiwango cha kawaida cha mahali hapo.

Chukua ndege inayohitaji mita 1,000 katika usawa wa bahari kwa joto la nyuzi 15. Ipeleke Malindi siku ya nyuzi 30: itahitaji kama mita 1,150. Ilete mwinuko wa mita 1,200, ambao ni wa chini kidogo ya mji wa Embu. Mwinuko peke yake unaongeza asilimia 28, yaani mita 1,280. Ongeza mchana wa nyuzi 27, na sasa inataka zaidi ya mita 1,500. Mita mia moja zikimegwa mwishoni mwa uwanja wetu, hasara yake si sawa na mita mia moja za pwani. Huenda ndizo zinazoamua kama ndege itaondoka na mgonjwa na muuguzi, au na mgonjwa peke yake.

Urefu wa ardhi sio jambo pekee. Ndege haishuki wima. Huja kwa mteremko, na mteremko huo lazima uwe mtupu. Kwa viwanja vidogo kabisa, kipimo cha kimataifa ni mita 1 kwenda juu kwa kila mita 20 za kwenda mbele, kuanzia mita 30 baada ya mwisho wa njia ya kurukia. Vilivyo vikubwa kidogo hutaka mteremko wa taratibu zaidi, mita 1 kwa mita 25 au 30. Sasa fikiria ile migrevilea tunayopanda mipakani. Mti wa mita 15 unapaswa kuwa umbali wa zaidi ya mita 300 kutoka mwisho wa njia. Mwenye shamba aliyeupanda mita 100 kutoka pale hajaingia ndani ya ua, hajavunja bikoni, na hati yake ni safi. Hata hivyo amefupisha uwanja. Rubani atalazimika kutua mbele zaidi ili aupite mti, na zile mita za nyuma ni kama hazipo.

Mwezi Januari 2003 Kenya iliona matokeo yake. Tarehe 24 mwezi huo ndege iliyokuwa imebeba mawaziri na wanasiasa iliondoka katika uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kunyanyuka na kuanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki. Serikali ilikuwa na majuma machache tu tangu iingie madarakani.

Nani ana mamlaka

Hapa wananchi wengi huchanganyikiwa, na viongozi wengine huwachanganya zaidi. Usafiri wa anga ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Jedwali la Nne linasema hivyo wazi. Gavana hawezi kufungua wala kufunga uwanja wa ndege wa umma, na mwakilishi wa wadi hawezi kuugawa. Viwanja vya umma vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, yaani KAA. Usalama, leseni na vipimo vya urefu wa majengo viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani KCAA, kwa Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Viwanja vilivyo ndani ya mbuga, kama ule wa Mulika katika Mbuga ya Taifa ya Meru, vina mwenyeji mwingine: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Lakini kaunti haijakaa mikono mitupu. Mipango ya ardhi, upimaji na mipaka ni kazi ya kaunti kwa Jedwali hilohilo. Kaunti ndiyo hutoa idhini ya ujenzi na ya kugawanya mashamba, kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kwa maneno mengine, Nairobi inaweza kuamua uwanja ubaki, lakini maamuzi ya kila siku yanayouzingira kwa nyumba au kuuacha wazi hufanywa hapa kwetu. Mpango wa kaunti ukichora uwanja pamoja na njia zake za kupaa na kushuka, afisa anayepokea ombi la ghorofa nne ana msingi wa kulikataa. Usipochora, ataliidhinisha na hatakuwa amevunja sheria yoyote anayoiona mezani pake. Kwa maoni ya dawati hili, mstari huo kwenye ramani una maana kuliko hotuba yoyote ya kuokoa uwanja.

Ukitaka kununua ploti jirani na uwanja

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa miongo kadhaa, na ardhi za mashirika ya serikali hazikusalimika. Nyingi ya hizo ploti ziliuzwa mara mbili, mara tatu, hadi zikamfikia mwananchi wa kawaida aliyelipa kwa pesa zake halali. Huyo ndiye anayeumia mwisho.

Kipengele cha 40 cha Katiba hulinda mali ya kila mtu, lakini ibara yake ya 6 inasema ulinzi huo haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ploti ya ufuoni Nyali. Majaji walisema hati peke yake haitoshi. Lazima mzizi wa hati hiyo uwe halali. Kama ardhi ilikuwa ya umma na ikagawiwa bila kufuata sheria, anayeinunua baadaye hawezi kujitetea kwamba yeye hakujua.

Kwa hiyo utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi ni hatua ya kwanza tu. Karatasi hiyo hukuambia nani ameandikishwa leo, haikuambii aliipataje. Omba ramani ya upimaji ya eneo zima na uitafute mipaka ya uwanja juu yake. Uliza hati ya kwanza ilitolewa mwaka gani na kwa msingi gani. Enda na mpimaji mwenye leseni akuonyeshe bikoni kwa macho. Kisha wasiliana na KCAA kuhusu urefu unaoruhusiwa pale kabla hujachorewa nyumba. Wazee wanaoishi jirani nao ni ushahidi mzuri, maana wanakumbuka ndege zilikuwa zikishukia wapi.

Anayedhani kwamba kuishi pale miaka mingi kutamlinda aangalie kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa Wilson. Novemba 2011 nyumba za zaidi ya familia 3,000 zilibomolewa. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba zilikuwa chini ya njia ya ndege. Kesi yao ilipitia Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikaamua Januari 2021 kwamba hata wanaoishi kwenye ardhi ya umma wana haki ya makazi na hawawezi kufukuzwa kiholela. Ulikuwa uamuzi muhimu kwa nchi nzima. Lakini miaka karibu kumi ilikuwa imepita, na nyumba hazikuwepo tena.

Na shamba langu je?

Kuna hofu nyingine, ya haki vilevile. Mwenye shamba halali jirani na uwanja huogopa kwamba kuuhifadhi ni hatua ya kwanza ya kuupanua, na kwamba ekari zake zitachukuliwa. Sheria inasema ardhi ya mtu haiwezi kutwaliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki, kamili, na bila kucheleweshwa, na utaratibu huo huendeshwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Haifai kuficha kwamba mambo hayaendi hivyo kila mara. Uwanja wa Isiolo, ulio mpakani na Kaunti ya Meru na uliofunguliwa rasmi Julai 2017, umeacha malalamiko ya miaka mingi kutoka kwa watu waliohamishwa ili upanuliwe. Anayepigania uwanja na anayelinda shamba lake si maadui. Wote wanataka mipaka ijulikane mapema, iandikwe, na isisogezwe usiku.

Kuhifadhi na kupanua ni maamuzi mawili tofauti. Ukiulizwa maoni kuhusu uwanja wowote, taka kujua ni lipi kati ya hayo linalojadiliwa, na uombe ramani iwekwe mezani kabla hujanyoosha mkono.

Ukiona bikoni imeng'olewa, ploti zinapimwa ndani ya ua, au jengo linapanda kwenye njia ya ndege, piga picha, andika tarehe, na upeleke taarifa kwa chifu na kwa ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti. Ardhi ya umma iliyonyakuliwa huweza pia kuripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina uwezo wa kwenda mahakamani kuirudisha. Kwa jambo lililo chini ya kaunti, mkazi yeyote anaweza kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti kwa kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Kwa lililo chini ya Serikali ya Kitaifa, ombi hupelekwa Bungeni kwa Kipengele cha 119 cha Katiba.

Unaweza pia kuomba nakala za hati, ramani na leseni kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, na huhitaji kueleza kwa nini unazitaka. Ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu. Ikinyamaza, lalamiko lako hupokelewa na Tume ya Utekelezaji wa Haki. Hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa siku ilipopokelewa, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.